Maji ya Kiti cha Meno

Kiti chetu cha meno kilifika Moshi ndani ya kasha la mbao, kimezungushiwa magazeti ya Kijerumani. Daktari alikinunua kwa rafiki yake waliyesoma pamoja, aliyekuwa anafunga kliniki yake huko Ulaya. Ilikuwa miaka ile serikali ilipokuwa imewaruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati zao, na kila ukipita mjini uliona kibao kipya: duka la dawa hapa, maabara pale, kliniki ya macho juu ya mgahawa. Daktari alikuwa ametumikia hospitali za serikali zaidi ya miaka ishirini. Alipoacha, alipanga vyumba vitatu ghorofani, juu ya duka la vitambaa, akaniomba niende naye. Nilikuwa msaidizi wake hospitalini na nilishamzoea. Nikaenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Kibosho, na nilikuwa na sifa moja tu ya kujivunia, usafi. Vyombo vya daktari nilivisugua kwa brashi, nikavipitisha kwenye mvuke, nikavipanga juu ya kitambaa cheupe kwa ukubwa wake. Sakafu niliipiga deki mara mbili kwa siku. Kile kiti nilikifuta mpaka wagonjwa wakawa wanaogopa kukikalia. Mama mmoja aliwahi kuvua viatu mlangoni, akauliza kama avue na soksi.

Niseme kidogo jinsi kiti kile kilivyofanya kazi, maana ndicho chenye habari yote. Maji yalitoka kwenye bomba la ukutani yakaingia kwenye kisanduku chini ya kiti. Humo yaligawanyika katika mipira myembamba, kila mmoja unene wa mrija wa soda. Mmoja ulikwenda kwenye drili, kuipooza inapokwangua jino. Mwingine ulikwenda kwenye kibomba cha kuoshea kinywa. Wa tatu uliishia pembeni, ukajaza kikombe cha mgonjwa cha kusukutulia. Ulibonyeza kitufe, maji yakaja. Kwa miaka miwili nilibonyeza kitufe hicho bila kujiuliza lolote.

Aliyejiuliza alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Uru. Alikuja Jumatatu moja asubuhi, mgonjwa wa kwanza, na jino lililotoboka upande wa kulia. Alikuwa mama mrefu, mkavu, amevaa sweta la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Daktari alipotoka chumbani kumpokea nilimwona akinyooka ghafla kama aliyeitwa mbele ya darasa.

"Shikamoo mwalimu," akasema.

"Marahaba. Kumbe ni wewe. Bado unaandika mwandiko ule mbaya?"

Alikuwa amemfundisha darasa la tatu. Daktari alicheka, akamketisha mwenyewe, akamfunga kitambaa shingoni kwa heshima zote. Nikabonyeza kitufe, kikombe kikajaa, nikampa asukutue. Aliyapeleka maji kinywani, akakaa nayo humo kidogo, kisha akayatema na kukirudisha kikombe mkononi mwangu.

"Maji haya mmeyatoa wapi, mwanangu?"

"Bombani, mwalimu. Ni maji ya mlimani haya haya."

"Mimi natoka mlimani. Maji ya mlimani hayana ladha hii."

Daktari akaingilia kati. Alikuwa mtu wa kuyapenda maji ya Moshi kama watu wengine wanavyopenda timu ya mpira. Kila akirudi kutoka Dar es Salaam alitueleza jinsi alivyoteseka na maji ya huko. "Mwalimu, nchi nzima huwezi kupata maji kama haya," akasema, na ili kulithibitisha alikwenda kwenye sinki, akajaza glasi, akainywa yote tukimtazama, akafuta midomo. "Umeona?"

"Nimeona. Hayo ni ya sinki," alijibu mwalimu. Akanyoosha mkono, akabonyeza kile kitufe mwenyewe, akamwelekezea kikombe. "Sasa kunywa ya hapa."

Nafikiri kama angekuwa mgonjwa mwingine yeyote daktari angeona ni utani. Lakini yule alikuwa mwalimu wake wa darasa la tatu. Akakipokea kikombe, akapiga funda moja kubwa. Alisimama na maji mdomoni, macho yamemtoka, halafu akainama juu ya beseni la kutemea.

"Yakoje?" mwalimu aliuliza taratibu.

"Kama maji ya chombo cha maua," daktari alisema. "Yaliyokaa."

"Mimi nilidhani maji ya mfongo, mfereji wa shambani uliosimama. Ila wewe umepata zaidi." Akajifungua kitambaa shingoni, akakikunja mara nne. "Jino hili lina miaka mitatu. Litangoja wiki chache. Nitarudi mkishasafisha."

Akashuka ngazi.

Jambo la kwanza daktari alilofanya ni kuilaumu idara ya maji. Alinijazia chupa mbili, moja ya bombani na moja ya kwenye kiti, akanituma nizipeleke. Nilimkuta huko mzee mmoja mwenye koti la buluu, mtaratibu sana. Aliweka matone ya dawa kwenye maji ya bomba, yakageuka rangi aliyoitaka. Akanusa chupa ya pili, akaifunga upesi.

"Maji yetu hayana neno, binti," akasema. "Yanafika kwenu mazima. Yakishaingia ndani mnayafanya nini, mnajua wenyewe."

Nilirudi nikamweleza daktari maneno hayo. Akaniambia nikamwite fundi.

Fundi alikuwa mtu wa Majengo, mtoto wa mjini kabisa. Alitengeneza mafriji, mashine za kusaga na taa za magari, na ndiye aliyekuwa ametufungia kiti kile kwa kuangalia picha, kwa kuwa maelezo ya Kijerumani hakuna aliyeyaweza. Alipiga magoti, akafungua kisanduku, akaufuata mpira wa kikombe kwa kidole mpaka mwisho wake, akafunga maji. Akaukata kipande cha urefu wa kidole. Halafu akaomba wembe, akakipasua kile kipande kwa urefu kama mtu anavyopasua ganda la maharage.

Ndani ulikuwa umepakwa ute. Sijui niuelezeje vizuri. Ulikuwa na rangi ya kijivu inayokaribia kijani, laini, umeng'ang'ania ukuta wa mpira pande zote, ukaacha tundu dogo tu katikati ambamo maji yalipita. Fundi alipitisha ukucha, ukatoka utepe mzima.

"Dada," akasema, "humu ndani kuna shamba."

Mimi niliyefuta kile kiti mpaka watu wakakivulia viatu. Nilichukua kipande cha mpira nikakitazama karibu na dirisha, na harufu yake ikanirudisha nyumbani moja kwa moja. Kwetu maji ya shambani yalikuja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kutoka juu msituni, ukapita kihamba hadi kihamba, shamba la nyumba moja hadi la nyingine. Siku za zamu tulitoka wote na majembe kuusafisha. Baba hakujali sana matope ya chini. Alitutaka tukwangue kuta. Alisema katikati maji yanakimbia, lakini pembeni yanatambaa, na panapotambaa ndipo utelezi unapoota. Mfongo ukifungwa siku mbili ulishaanza kunuka.

Nikamweleza daktari hivyo hivyo. Mipira yetu ni myembamba, karibu yote ni pembeni. Usiku mzima maji yamelala humo. Jumamosi tunafunga saa saba mchana, yanalala mpaka Jumatatu asubuhi. Na yule mwalimu alikuja Jumatatu, wa kwanza.

Daktari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, miguu imening'inia.

"Miaka miwili nimewatia watu maji haya midomoni," akasema.

"Hakuna aliyerudi akiugua, dokta," fundi alisema.

"Hakuna aliyerudi kuniambia. Si kitu kimoja." Kisha akageuka kwangu, na nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. "Mtu mwenye afya pengine asidhurike. Lakini tunao wagonjwa ambao miili yao haina nguvu. Unawajua. Hao hatuwezi kuwabahatisha. Na wewe usilie, mimi ndiye daktari, na mimi sikuwahi kuangalia."

Sikuwa ninalia, au nilikuwa ndiyo kwanza ninaanza. Tulifunga mlango, tukabandika karatasi: Tumefunga kwa matengenezo ya maji.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe niliharibu. Daktari alipiga simu kwa yule rafiki yake wa Ulaya kutoka posta, wakakubaliana ataandika barua yenye maelekezo yote. Barua ingechukua wiki tatu. Mimi sikuweza kungoja wiki tatu nikijua shamba liko mle ndani. Jioni ya siku ya pili nilinunua dawa ya kung'arishia nguo, ile kali inayounguza pua, nikamwomba fundi anionyeshe jinsi ya kuiingiza kwenye mipira. Aliniuliza kama daktari anajua. Nikamwambia daktari amesema tusafishe. Nikaimimina bila kuichanganya na maji, tukaiacha ilale humo mpaka asubuhi. Nilikwenda kulala na moyo mwepesi.

Asubuhi nilikuta mama mwenye duka la vitambaa amesimama mlangoni kwetu na vitenge viwili vinavyochuruzika.

"Mama, mvua yenu imeninyeshea," akasema.

Dawa ilikuwa imekula raba zote ndogo zinazoziba viungo vya mipira. Ziliumuka, zikapasuka, na kwa kuwa hatukufunga vizuri bomba la ukutani, maji yalivuja usiku kucha, yakapita kwenye ufa wa sakafu, yakashukia kwenye rafu zake. Nilishuka naye mbio. Nilimwomba radhi mpaka akachoka kusikia. Tulitoa vitambaa vilivyolowa, vingi kidogo, tukavianika kwenye ukuta wa varanda na kwenye kamba tuliyofunga kutoka nguzo hadi nguzo. Haikupita nusu saa watu wakaanza kusimama. Mtaa mzima ulifikiri amepata mzigo mpya. Kufika adhuhuri alikuwa ameuza vitenge vya mvua vingi kuliko vile vya kawaida vya wiki nzima, na alipopanda tena juu alikuja kuuliza kama tuna mpango wa kusafisha tena mwezi ujao.

Daktari hakucheka siku ile. Alicheka wiki iliyofuata, na baada ya hapo hakuacha. Kila mgeni alisimuliwa. Aliniambia neno moja tu zito: "Ukali wa dawa si ukali wako wa moyo. Dawa inapimwa." Nimelishika mpaka leo.

Fundi aling'oa mipira yote ya zamani. Daktari mwenyewe alipanda basi kwenda Nairobi, akarudi na roli la mipira mipya, myeupe, inayoonyesha ndani. Raba za viungo fundi alizikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, kwa mkasi wangu wa nywele, moja moja, akizipima kwa jicho. Wakati tunangoja barua tulianza tena kupokea wagonjwa, lakini bila maji ya kiti. Nilichemsha maji kwenye sufuria kubwa, nikayapooza yakiwa yamefunikwa, kisha nikawa nayavuta kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano na kuyamwagia jino huku daktari anakwangua. Kazi ya dakika kumi ilichukua nusu saa. Mkono wangu wa kulia uliuma hata kushika kijiko ilikuwa taabu.

Barua ilipofika daktari aliisoma kwa sauti, akitafsiri anavyokwenda. Rafiki yake hakushangaa hata kidogo. Aliandika kwamba mipira ya viti vya meno huota ute popote duniani, hata kwao, hata maji yakiwa safi namna gani, na kwamba madaktari wengi hawajui kwa sababu hakuna anayekunywa maji ya kiti chake mwenyewe. Hapo daktari alinitazama. Barua iliendelea. Kila asubuhi maji yakimbizwe katika mipira yote kwa dakika mbili kabla ya mgonjwa wa kwanza. Baada ya kila mgonjwa, nusu dakika, ili kilichonyonywa kutoka kinywani mwake kisimfikie anayefuata. Jioni maji yote yatolewe, mipira ipulizwe hewa mpaka ikauke. Mara moja kwa wiki ipitishwe klorini iliyochanganywa kwa kipimo, kwa dakika chache, halafu ioshwe sana. Na kama kuna kupasua fizi au mfupa, maji ya kiti yasitumike kabisa, yatumike yale yaliyotakaswa kwa ajili ya upasuaji. Mwisho alishauri tuachane na bomba la ukutani. Viti vipya vya huko vilikuwa na chupa yake ya maji, inayosukumwa kwa hewa, ambayo unaweza kuijaza, kuimwaga na kuiosha.

"Chupa," fundi alisema. "Hilo ni jambo dogo."

Alileta chupa ya plastiki ya juisi, akaitoboa kifuniko, akaunganisha hewa ya kompresa, mashine yetu ya kusukuma hewa, upande mmoja na mpira wa maji upande wa pili. Daktari alisimama karibu kuona. Fundi akafungua hewa kidogo, chupa ikavimba tumbo. Akafungua kidogo tena. Ikapasuka kwa mlio uliowakimbiza watu hadi barabarani, na daktari aliloa kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Alivua miwani, akaikung'uta.

"Fundi," akasema, "tafuta chombo kilichozaliwa kwa ajili ya kazi hii."

Fundi alizunguka mjini siku nzima, na jioni alirudi kutoka duka la pembejeo za kilimo na bomba dogo la kunyunyizia kahawa, lile la kubeba mkononi, lenye tangi gumu na mpini wa kupampu. Lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani. Daktari aliligeuza, akalinusa, akalichungulia ndani kwa tochi, akataka kuapiwa kwamba halijawahi kuonja dawa yoyote. Fundi aliapa. Tukaliosha, tukalichemshia maji, tukaliosha tena. Nikajaza maji yaliyochemshwa na kupoa, fundi akapampu mara kadhaa, akaunganisha. Daktari akakanyaga pedeli ya drili na maji yakaja, membamba, yamenyooka, hayakatiki. Fundi alitabasamu akaanza kukusanya bisibisi zake.

Tatizo likawa wagonjwa. Nusu ya waliokuja kwetu walikuwa wakulima wa kahawa, na bomba lile walilijua vizuri, walilitumia kunyunyizia mibuni mrututu, dawa ya ukungu yenye sumu. Wiki ya kwanza mzee mmoja kutoka juu Kibosho alikaa kitini, akaliona pale ubavuni mwake, akafumba mdomo akakataa kuufungua. Daktari alimbembeleza. Hatimaye mzee akasema kwa kona ya mdomo, "Daktari, mimi si mbuni. Usinipulizie mrututu."

Nilitoka nje ya chumba nikacheka peke yangu. Jioni ile daktari alichukua rangi nyekundu na brashi, akaandika juu ya tangi kwa ule mwandiko wake mbaya: MAJI TU. Haikusaidia sana, kwa sababu sasa waliuliza kwa nini imebidi tuandike. Kilichosaidia ni mimi kujimiminia kikombe mbele ya kila mwenye wasiwasi na kukinywa. Mwezi ule nilikunywa maji mengi kuliko nilivyowahi kunywa.

Nikawa na daftari. Asubuhi nilifungua mipira yote mitatu, nikaitazama saa ya ukutani dakika mbili kamili, nikaweka tiki. Baada ya kila mgonjwa, tiki. Jioni, kumwaga, kupuliza hewa, tiki. Ijumaa, klorini kwa kipimo cha kijiko, na dakika ilizokaa humo. Daktari alikuwa na mtu wake maabara, akawa anampelekea chupa ndogo ya maji ya kiti kila mwezi. Mara ya kwanza alimpelekea maji yaliyobaki kwenye mpira wa zamani, na yule mtu alituonyesha kisahani chake cha kuoteshea vijidudu. Kilikuwa kimejaa madoa yaliyoshikana mpaka huoni chini. Cha maji ya tangi kilikuwa na madoa machache, ya kuhesabika. Niliomba niviangalie vyote viwili tena, kimoja kila mkono.

Mwalimu wa Uru alirudi kama alivyoahidi. Alichagua Jumatatu, akawa wa kwanza, na sidhani ilikuwa bahati. Nilimwamkia, akaitikia, akaliangalia lile bomba la kahawa. Nikampa kikombe. Alikaa na maji kinywani muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Daktari alikuwa amesimama mikono nyuma.

"Hayana ladha," mwalimu akasema.

"Hayana?" daktari aliuliza, hajui kama ni sifa au lawama.

"Hayana ladha yoyote. Ndivyo yanavyotakiwa." Akajilaza, akafungua mdomo, na daktari akamziba jino lake kwa uangalifu ambao sijamwona akiutumia kwa mtu mwingine.

Kazi ilipokwisha mwalimu aliuliza lile daftari ni la nini. Nikamwonyesha. Aliweka miwani, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Kidole kikasimama.

"Alhamisi hii, jioni, hapana alama."

"Umeme ulikuwa umekatika, mwalimu. Kompresa haikufanya kazi, sikuweza kupuliza hewa."

"Ukafanyaje?"

"Nilimwaga maji yote kwa kuinua mipira. Asubuhi nikayakimbiza dakika tano."

"Basi andika hivyo hivyo. Usiache wazi. Anayesoma atadhani umesahau." Akaomba kalamu nyekundu. Hatukuwa na kalamu nyekundu, daktari akashuka mwenyewe kuiazima dukani kwa mama wa vitambaa. Mwalimu akaandika chini ya ukurasa, kwa mwandiko ulionyooka kama uliochapwa, Vema, akatia saini. Nilimaliza shule ya msingi, sekondari na chuo, na sikumbuki alama iliyonifurahisha kama ile.

Daktari hakulificha jambo lenyewe. Katika kikao cha madaktari wa meno wa mkoa alisimama akaeleza yote, pamoja na lile funda la maji. Alirudi akaniambia wengine walicheka, wengine walikaa kimya, na kwamba waliokaa kimya ndio watakaotuita. Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka zahanati moja ya watawa upande wa Rombo, karibu na mji wa Mkuu. Walikuwa na kiti kimoja cha zamani na sista mmoja mwuguzi aliyekiendesha, daktari wa meno akija mara mbili kwa mwezi. Waliomba mtu wa kuwaonyesha. Daktari alisema niende mimi.

"Mimi si daktari," nikamwambia.

"Hawajaomba daktari. Wameomba anayejua mipira."

Nilikwenda na vipimo vyangu, raba za akiba na daftari jipya. Sista yule alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, mfupi, mikono mipana ya mtu aliyelima. Alinipokea kwa ndizi na maziwa ya mgando, kisha akanieleza kwa upole kwamba kiti chake ni kisafi, anakifuta kila siku, na kwamba mkuu wake wa nyumba ya watawa ndiye aliyeandika barua. Nilimjua mara moja. Nilikuwa ninajiangalia mwenyewe.

Sikubishana naye. Nilimwomba ruhusa nikate mpira kidogo tu, nitauunga tena. Akakubali. Alikitazama kilichomo. Alivua saa yake ya mkononi akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya nguo hadi juu ya viwiko, akaniuliza, "Tunaanza na upi?"

Tulifanya kazi siku nzima. Alishika haraka kuliko mimi nilivyoshika. Nilimsimulia kisa cha vitenge, akacheka mpaka akaketi chini, na nadhani baada ya hapo aliacha kuona haya. Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Wagonjwa walikuwa wameshajaa kwenye benchi nje ya dirisha, wengi wametembea tangu alfajiri. Nilimwambia sasa akimbize maji dakika mbili. Akaitafuta ile saa yake mfukoni, imesimama. Maji yalikuwa yameiingia jana. Chumbani hapakuwa na saa ya ukutani, na mimi sikuwa na saa.

"Dakika mbili ni Salamu Maria ngapi?" akaniuliza.

Sikuwahi kulifikiria hilo. Tukakadiria. Tukaona kumi moja la rozari, yaani sala hiyo mara kumi, likisaliwa taratibu, linatosha na kuzidi. Akafungua mipira yote, akainamisha kichwa, akaanza kwa sauti yake ya kawaida. Alipofika nusu ya sala ya kwanza, benchi zima la nje likaitikia, wenye mashavu yaliyovimba na wasiovimba, na wakaendelea kuitikia mpaka ya kumi, huku maji yanakimbia kwenye beseni.

Alipofunga mipira mzee mmoja alichungulia dirishani akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna," sista akamjibu. "Tunaosha mashine. Wa kwanza aingie."